Zamu ya Klaudia

Wiki hii zimetoka katuni nne mpya, na tatu kati ya hizo ningezirudisha kiwandani kwa mateke kama magoti yangu yangekubali.

Ya kwanza inaitwa *Wapiga Mbizi wa Zuhura*. Ni katika zile zinazomsikiliza msomaji. Unaishika, karatasi inapima mapigo ya moyo wako kupitia kidole gumba, ikiona unachoka inaongeza vita, ikiona umeogopa inamfungia zimwi mlango. Mimi nilisinzia ukurasa wa sita. Nilipozinduka hadithi ilikuwa imekwisha, wote wamepona, na shujaa ananitakia usingizi mwema kwa jina langu kamili. Sasa hiyo ni katuni au yaya? Halafu mtu wa pili akiichukua anasoma kisa kingine kabisa, kwa hiyo hata kubishana hamwezi. Katuni isiyobishaniwa ina faida gani?

Ya pili, *Jaji wa Miaka Tisa*, imechorwa vizuri kupita kiasi. Kila unywele uko mahali pake. Lakini aliyeichora hajawahi kuona kandambili iliyofungwa kwa waya. Mji mzima una viatu vinavyowatosha watu wake, na mimi mji wa namna hiyo siuamini.

Ya tatu imeniudhi hasa. Ni mkusanyo wa katuni za utoto wetu, zimechapwa upya “zikiwa safi”. Zamani mashine za uchapaji zilikuwa zinapishanisha rangi, ikawa wekundu wa midomo unakaa shavuni na bluu ya shati inamwagikia ukutani. Vijana hawa wamerekebisha yote. Wameurudisha wekundu mdomoni. Nani aliwatuma? Sisi tulikua tukiamini kwamba mabinti wa kwenye katuni ndivyo walivyo, midomo yao imesogea kidogo pembeni. Karatasi ilikuwa ya kukwaruza, wino ulihamia vidoleni, na pini mbili za katikati zilikuwa zimeshaota kutu kabla toleo halijafika Morogoro. Niliipenda ile kutu. Nasema bila aibu.

Hayo ya zile tatu niliyaandika Jumatano asubuhi, kabla bahasha haijafika. Mimi ni Klementi Mkude wa Mji Mpya, mwenye miaka sabini na nne na katuni elfu sita na mia nne. Kila Jumamosi maoni yangu yanasomwa nchi nzima na watu ambao, nadhani, hufurahi zaidi ninapokasirika. Nilikuwa nimekasirika vizuri siku ile, chai ipo, kiti kimeota jua, nikafungua bahasha nikijiandaa kuikasirikia na ya nne.

Ya nne ilikuwa *Binti Transfoma*, toleo la 32.

Mtu wa umri wangu akisikia hivyo lazima atafute pa kukaa. *Binti Transfoma* ilikomea toleo la 31, miaka sitini na miwili iliyopita, enzi za mgao wa umeme, wakati mtaa mzima ulikuwa ukishangilia taa zikirudi. Mchoraji wake, Zakayo Mligo, alikufa kwa homa kabla ya kumaliza kisa. Alituachia yule binti, na gauni lake la nyaya, amesimama mbele ya nyumba ya Bwana Giza, mwizi aliyekuwa akinyonya umeme wa mitaa yote na kuufungia kwenye mitungi. Mkono wa binti uko kwenye kitasa. Chini pameandikwa kwamba kisa kinaendelea. Hakikuendelea. Nimeoa, nimestaafu, nimezika, na bado kuna siku nikishika kitasa cha mlango wangu mwenyewe namkumbuka.

Sasa kimeendelea, kwa kazi ya Kalamu Rithi, ile mashine inayosoma kazi za mchoraji aliyekufa na kuziendeleza kwa mkono wake. Ndani ya bahasha palikuwa na karatasi ya serikali yenye maneno manne makubwa, “Huu ni mkono wake”, na nafasi tatu za sahihi. Ya mrithi ilikuwa imejazwa: Atukuzwe Mligo, binti wa marehemu. Ya kiwanda ilikuwa imejazwa. Iliyobaki ni ya mjuzi, yaani mtu anayeijua kazi ya marehemu kuliko wengine, na kwa Zakayo Mligo mtu huyo ni mimi, watu wapende wasipende. Sheria ya Mikono inanipa siku saba. Nikitia sahihi, toleo linaenezwa nchi nzima kwa jina la Mligo. Nikikataa, nakala mia tatu za majaribio zinakusanywa, na Kalamu iliyolichora inafutwa akili yote, isibaki hata nukta.

Nikaisoma palepale. Binti anaachia kitasa. Anagonga. Giza anafungua, kumbe ni mzee tu mwenye shati lisilo na vifungo. Ukurasa mzima wanatazamana. Halafu binti anamuuliza, “Umekula?” Na Giza analia. Wanaingia jikoni, sufuria katikati, na kwa mwanga wa mitungi ileile ya wizi binti anamkwangulia ukoko wa wali. Ngumi hakuna. Radi hakuna. Kwenye ukurasa wa mwisho mitungi inafunguliwa mmoja mmoja na taa zinawaka mji mzima, kuanzia uswahilini.

Nililia mpaka miwani ikawa haina kazi, na sikujua ninalilia nini. Kisha nikaandika maoni yangu bila kuinua mkono: “Zakayo Mligo amerudi. Sina neno la kuongeza.” Nikavuta ile karatasi ya serikali, nikafungua kalamu.

*

Kilichonizuia ni utaratibu wangu. Mimi katuni haipati hukumu kabla haijapata mfuko wake. Nililikatia toleo la 32 mfuko wa nailoni, nikaenda kabatini kulipanga nyuma ya la 31, na kama kawaida yangu nikalitoa la 31 kulisalimia. Nikalifungua nyuma, ndani ya jalada, pale penye penseli.

Inabidi nieleze habari ya penseli. Mtaani kwetu tulikuwa wasomaji saba na nakala moja. Tulisoma kwa zamu. Kila mmoja, kabla ya kumpa mwenzake, aliandika ndani ya jalada la nyuma anachodhani kitatokea toleo lijalo, akatia jina. Toleo jipya likija, aliyepatia anasoma wa kwanza, na aliyepotea kabisa anasoma wa mwisho. Ndiyo ilikuwa kanuni, na iliheshimiwa kuliko kengele ya shule. Mimi nilikuwa mjuzi tangu wakati huo. Nilisoma wa kwanza mara kumi na mbili na nilijivuna mpaka nikawa sivumiliki.

Aliyesoma wa mwisho, mara zote, alikuwa Klaudia, mtoto wa fundi cherehani. Hakuwahi kupatia hata mara moja. Katuni ikimfikia ina mafuta ya maandazi, kona zimekunjwa, na kisa ameshasimuliwa na kila mtu. Alikuwa akiipokea kwa mikono miwili, anaikung'uta, anasoma kila neno kana kwamba hajui kitu. Huyo ndiye niliyekuja kumuoa. Tuliishi miaka arobaini na minne, na ameniacha miaka minne iliyopita.

Maandishi yake ya toleo la 31 yalikuwa pale, penseli imefifia lakini inasomeka:

“Hatafungua, atagonga. Atamuuliza umekula. Giza atalia maana hajawahi kuulizwa. Watakula wote na Giza atapewa ukoko. Klaudia.”

Na chini yake, kwa mwandiko wangu wa miaka kumi na miwili, wenye kiburi mpaka kwenye nukta: “Uongo mtupu. Atampiga. Klementi.”

Nilikaa chini, sakafuni, mahali ambapo mtu wa magoti yangu hapaswi kukaa. Sasa nilijua nilikuwa nalilia nini. “Umekula?” ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kila nilipoingia ndani, hata siku tulizogombana, hata siku nilizostahili kufungiwa nje.

Na nilijua kosa ni la nani. Mwaka jana kiwanda kiliazima matoleo yangu yote ya *Binti Transfoma* ili Kalamu iyasome, kwa kuwa ya kwangu ndiyo seti pekee iliyokamilika. Waliniletea fomu. Maandishi yoyote ya mtu mwingine yafutwe kwanza, au yaorodheshwe. Nilichukua ufutio mweupe, mpya kabisa. Nilifuta ya Pius, nikafuta ya Damasi, nikafuta majigambo yangu kadhaa. Nilipofika kwenye ya Klaudia mkono ulikataa. Nikarudisha ufutio kwenye droo, na hata yale ya kwangu yaliyokuwa jirani na yake nikayaacha. Kuorodhesha nako niliona ni kumwanika. Basi nikaweka alama ya vema kwenye kisanduku kinachosema kurasa ni safi. Kalamu Rithi haina habari za ndoa yangu. Ilisoma ilichopewa.

*

Alhamisi nilikwenda kiwandani. Injinia anayeilea ile Kalamu ni binti wa Kinyakyusa anayeitwa Sekela, mpole, anayevaa miwani mikubwa kuliko uso.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Naomba nasaba ya ukurasa wa kumi na tisa.”

“Hata kukaa hujakaa, Mzee Mkude.”

“Nitakaa nikishaona.”

Kila mstari katika katuni ya kurithi una nasaba, yaani mahali ulikotoka. Sekela aliuweka ukurasa kwenye kioo cha meza, akagusa pua ya Giza. Zikatokea kurasa mbili za zamani: pua imetoka toleo la 4, kivuli chake toleo la 17. Akagusa sufuria. Toleo la 9. Akagusa neno “Umekula?” na kioo kikaandika: toleo la 31, jalada la nyuma, ndani. Penseli.

Sekela akavua miwani. Akagusa ukoko. Penseli. Akagusa machozi ya Giza. Penseli. Akarudi nyuma ukurasa mmoja, pale binti anapoachia kitasa, akagusa vidole. Vidole ni vya Mligo. Kuachia ni penseli.

“Lakini kulikuwa na maandishi ya watoto wengine,” nilisema. “Si yote niliyafuta. Kwa nini ichukue ya huyu?”

“Kalamu inatafuta kinachorudi,” alisema. “Hayo mengine kila toleo yanasema hivi na vile. Huyu ameandika jambo moja mara thelathini na moja. Watu wakae, wale. Basi Kalamu ikaona hapo ndipo mwandishi alikuwa anaelekea tangu mwanzo.” Akavuta fomu yangu kutoka kwenye faili, akaigeuza taratibu inielekee. “Hii vema ni yako, mzee?”

“Ni yangu.”

“Mh.”

“Unaweza kumtoa?”

“Nikimtoa naanza upya. Itakuwa Kalamu nyingine na toleo jingine. Na humo binti atapiga ngumi, nimeshaona kwenye hesabu za mwanzo.” Alinitazama. “Ni nani wako?”

“Mke wangu.”

Alinyanyuka, akafunga mlango, akarudi na karatasi nane akaziweka mbele yangu kifudifudi. Zilikuwa bado na joto la mashine.

“Toleo la 33,” alisema. “Kalamu ilianza yenyewe wiki iliyopita. Mimi nimesoma. Sikujua ninamsoma nani.” Alishusha sauti. “Sheria inasema mjuzi ndiye anayesema, mzee. Mimi kazi yangu ni kuilea tu. Wewe ukitia sahihi, hakuna atakayegusa ukurasa wa kumi na tisa.”

Nataka nieleweke vizuri hapa, nisijipake mafuta. Nilitaka zile karatasi kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Elfu sita na mia nne nilizonazo ningeziweka barabarani zikanyagwe. Picha za Klaudia ninazo, sauti yake kwenye simu ninayo, lakini hizo zinasema yaleyale. Hapa palikuwa na kurasa nane za jambo jipya. Angesema nini toleo la 33? La 34? Ningeweza kusaini, nikawa napelekewa mke wangu kila mwezi kwenye bahasha ngumu mpaka siku yangu ifike.

Nikaweka kiganja juu ya zile karatasi. Na hapo nikakumbuka hospitali. Karani wa urithi alipita wodini na fomu yake, kama wanavyopita kwa wote, akamuuliza Klaudia kama anaridhia mkono wake, sauti yake au maneno yake yarithiwe. Mimi nilikuwa nimemshika mguu, namwomba akubali. Akamwambia karani, “Andika hapana, kwa herufi kubwa. Nimesema miaka yote hii, inatosha. Huyu hapa akinikumbuka vibaya, shauri yake.” Akacheka mpaka akakohoa.

“Zirudishe,” nilimwambia Sekela.

“Hutazami hata moja?”

“Zirudishe kabla sijabadilika.”

*

Ningekataa siku ileile kama Atukuzwe Mligo asingepiga simu kwamba yuko njiani kutoka Njombe. Alifika Jumamosi saa nne asubuhi na kikapu cha maparachichi, mama wa miaka sabini mwenye kilemba cha zambarau, akakaa mezani kwangu na toleo la 32 likiwa limefungwa kwenye kitambaa cha mezani cha kufuma. Alikifungua kitambaa kona baada ya kona.

“Kaka Klementi,” alisema, “nimekuja kukushukuru mwenyewe. Najua bado hujasaini, lakini wameniambia wewe ndiye uliyetunza kazi ya baba. Bila wewe hii isingekuwepo.”

Hilo lilikuwa kweli kuliko alivyojua. Nikamimina chai.

“Unajua kwa nini toleo hili halikutoka wakati ule?”

“Marehemu aliugua.”

“Aliugua baadaye. Kurasa zilikuwa tayari.” Alikuwa akiupapasa ukingo wa jalada. “Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuwa hataki mtu chumbani kwake. Ukiingia tu, toka, wino haujakauka. Siku moja nikaingia hayupo, nikachukua chupa ya wino nikazimwagia zote. Zote, kaka. Mpaka chini mezani. Hakunichapa. Alininyamazia. Tunakula meza moja, hanisemeshi. Siku ya kumi na moja akafa.”

Mikono yake ilitulia.

“Miaka sitini na miwili sikujua kama alinisamehe. Halafu naletewa hii. Yule aliyeharibu kila kitu anafunguliwa mlango wa moyo, anaulizwa amekula. Nimeisoma kanisani, nimeisoma jikoni. Baba kumbe alikuwa na jibu langu.”

Chai yangu ilikuwa mkononi na sikuweza kuinywa wala kuiweka chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa mrithi anayependa sifa. Huyu sikujiandaa naye. Nikajikaza kisabuni, nikaenda kabatini, nikaleta toleo la 31, nikalifungua nyuma na kulisukuma mbele yake.

Alisoma. Alirudia. Akalinganisha na ukurasa wa kumi na tisa, kidole hapa, kidole pale.

“Klaudia ni nani?”

“Alikuja kuwa mke wangu. Hapo ana miaka kumi. Kosa ni langu, dada. Niliambiwa nifute, nikashindwa, nikaandika kwamba kurasa ni safi. Kalamu ikadhani ni maneno ya baba yako.”

“Nani mwingine anajua?”

“Injinia. Mimi. Na sasa wewe.”

“Ukinyamaza, nani ataumia?”

“Klaudia alikataa kurithiwa. Kwa mdomo wake.”

“Amekufa.”

“Na baba yako amekufa. Ndiyo maana tunaulizwa sisi.”

“Usinifundishe!” Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. “Wewe unayo majalada thelathini na moja ya penseli yake. Ukitaka kumsikia unafungua kabati. Mimi nilikuwa na ukurasa mmoja. Mmoja, kaka Klementi, na umenisubiri nisafiri toka Njombe ili uniambie si wa kwangu.”

Nilivuta karatasi ya serikali. Nilitarajia ataninyang'anya kalamu, na kusema kweli nilitamani anyang'anye. Hakufanya hivyo. Nikaandika mbele yake, polepole, kwa mwandiko wa kusomeka: “Huu si mkono wake.” Nikatia sahihi, na kwenye nafasi ya sababu nikaandika kosa langu lote, pamoja na ile alama ya vema.

Alikunja kitambaa chake. Toleo lake aliliacha mezani, likusanywe pamoja na la kwangu. Mlangoni akageuka.

“Hapo chini ya maandishi yake pana mwandiko mwingine. Mimi niliishia kwenye jina lake. Umeandika nini?”

“‘Uongo mtupu. Atampiga.’”

Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa. “Basi leo umempiga,” alisema, akashuka ngazi.

Maparachichi yake sikuyagusa siku ile.

*

Sekela alinijulisha kwamba nakala zitakusanywa Jumatatu, na Kalamu itafutwa saa sita mchana siku hiyohiyo. Kwa hiyo nilikuwa na toleo la 32 siku mbili. Maoni yangu ya Jumamosi yalitoka na katuni tatu tu, na watu waliandika kwamba nimezeeka, siku hizi sitoi hata moja ya kusifu.

Nilipanga kulisoma mpaka nilijue kwa moyo. Kila mstari, kila kivuli, nilimeze lote kabla hawajaja. Nikaketi, nikafuta miwani, nikalitoa kwenye mfuko. Nilikuwa nimeshika jalada niligeuze nilipokumbuka kanuni.

Aliyepatia anasoma wa kwanza.

Klaudia alikuwa amepatia. Mara ya thelathini na moja, baada ya kusoma wa mwisho maisha yake yote ya utoto, alikuwa amepatia kila kitu: kugonga, swali, machozi, ukoko. Mtu anaweza kubisha kwamba Kalamu ilimuibia majibu, na kwenye maoni yangu ningebisha hivyo hivyo. Lakini kanuni yetu haikuuliza toleo limechorwa na nani. Iliuliza lililoandikwa kwa penseli limetokea au halikutokea. Limetokea. Na mimi Jumatano, bila hata kuuliza, nilikuwa nimeruka foleni nikasoma mbele yake, kama nilivyozoea.

Nikalifunga. Nikalipeleka kwenye kiti chake, kile cha ukindu karibu na mlango wa jikoni, ambacho hakuna anayekikalia. Nikaliweka juu ya mto, likiwa halina doa la mafuta, kona zote nne zimenyooka. Hakuwahi kupokea moja ya namna hiyo.

Sitasema uongo kwamba ilikuwa rahisi. Jumapili nilipita mbele ya kile kiti labda mara arobaini. Nilikwenda jikoni kuchukua chumvi ambayo sikuihitaji. Mara moja nilinyoosha mkono, nikajikuta nasema kwa sauti, “Nipe basi, umelikalia kutwa nzima,” na nikacheka peke yangu mpaka nikaona aibu. Nilipika wali. Uliungua kidogo chini, nikakwangua sufuria.

Jioni ile ile, jua likiwa bado juu ya milima, ukaingia ujumbe kutoka Njombe. Haukuwa na salamu. “Nitumie namba moja. Sijawahi kuzisoma za baba kwa mpangilio. Nataka kuanza mwanzo.” Mimi ambaye sijamwazima mtu katuni tangu niwe na kabati lenye kufuli, nikatoa toleo la kwanza, nikalifunga kwa magazeti mawili. Ndani nikatia penseli iliyochongwa, na karatasi ndogo inayoeleza kanuni.

Jumatatu saa tano asubuhi Sekela aligonga mwenyewe, boksi la kukusanyia mkononi. Nilimpa nakala aliyoiacha Atukuzwe. Aliitia ndani, akaitazama orodha yake, akatazama meza, halafu macho yake yakafika kwenye kiti cha ukindu. Akasogea mpaka karibu, akasimama bila kugusa.

“Mzee, hii nayo naichukua? Umeshamaliza kuisoma?”

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa imebaki saa nzima kamili.

“Mimi bado,” nikamwambia. “Zamu haijanifikia.”